Meno Yapo, Lakini Tairi Limezeeka

Tairi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu gari. Maneno haya yamezoeleka mno katika taarifa zetu za ajali hata hakuna anayeyasikiliza tena. Yanasomwa redioni, yanaandikwa kituoni, yanarudiwa matangani, na yakishatamkwa uchunguzi unakuwa umefungwa. Juni 28, 2025, huko Sabasaba wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, basi kubwa liligongana na basi dogo, yote mawili yakashika moto. Taarifa ya kwanza ya Ikulu ya Tanzania ilitaja watu 38 waliofariki na kueleza kuwa tairi la basi lilipata pancha na dereva akapoteza mwelekeo. Kenya nako, ambako watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka tangu 2021, kupasuka kwa tairi huhesabiwa kudra, na kudra haishtakiwi. Naona huko ni kujivua lawama mapema. Tairi halifi ghafla. Lilitengenezwa wiki fulani ya mwaka fulani, tarehe hiyo imepigwa muhuri ubavuni mwake, na tangu siku hiyo limekuwa likizeeka, liwe linazunguka barabarani au limelala stoo. Kwa wasafiri wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wanaopanda na kushuka kati ya Sori, Ndhiwa, Rodi Kopany, Masara na Migori mjini, muhuri huo unastahili kusomwa kabla ya kitu kingine chochote kwenye gari, na leo ndio usiosomwa na mtu.

Tunachosoma ni meno. Mnunuzi akiinama kwenye tairi la mitumba huingiza kidole katika mifereji, akaona ni mirefu, akaridhika. Polisi naye akisimamisha matatu hutafuta kipara. Desturi hiyo ina msingi, maana tairi kipara halishiki lami ya mvua na hutobolewa upesi na kila jiwe. Lakini meno hueleza tairi limetembea kiasi gani tu. Hayasemi mpira wenyewe uko katika hali gani ndani, mahali ambapo mikanda ya nyuzi za chuma imegandishwa kwa mpira juu ya kitambaa kinacholipa tairi umbo lake. Hewa iliyoshindiliwa ndani haikai kimya. Oksijeni yake hupenya polepole kwenye kuta, ikaula mpira ulioshika mikanda hiyo, na mpira uliokuwa laini na wa kunyumbuka ukaanza kuwa mkavu. Nje, ozoni na jua hufanya kazi iyo hiyo kutokea upande wa pili. Watengenezaji huchanganya kwenye mpira dawa za kuzuia uharibifu huo, nazo hutoka ndani na kujitandaza juu kila tairi linapokunjika likizunguka. Gari lisilotembea halipati kinga hiyo vizuri. Utepe wa mpira uliosahauliwa dirishani mwezi mzima hukatika ukiuvuta mara ya kwanza, ingawa haujawahi kufunga kitu. Tairi lililozeeka lina hatari ya namna hiyo, ila kwake kukatika ni ngozi nzima ya juu kubanduka kutoka kwenye mikanda, gari likiwa katika mwendo.

Joto ndilo linaloharakisha yote haya. Kanuni ya jumla ya kemia husema mabadiliko ya namna hii huenda kasi karibu mara mbili kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka. Wamarekani walipolichunguza jambo hili, mamlaka yao ya usalama barabarani ilitazama madai yaliyopelekwa kwa kampuni moja kubwa ya bima kati ya 2002 na 2006. Majimbo matano ya joto, yaani Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wa kampuni hiyo, lakini asilimia 77 ya madai yaliyohusu matairi yalitoka huko. Na katika madai hayo, asilimia 84 yalihusu matairi yenye umri wa zaidi ya miaka sita. Msomaji makini atasema Karungu si Arizona, na atakuwa na haki: ufuko wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wake haufikii ukali wa jangwa la Phoenix mwezi Julai. Lakini Phoenix ina majira ya baridi. Karungu, digrii moja hivi kusini mwa ikweta, haina. Gari linaloanikwa juani katika stendi ya Sori mwezi wa Januari litaanikwa hivyo hivyo Juni na Septemba, na mpira wake haupewi likizo.

Ongeza barabara. Watu wa upande huu waliililia lami kwa miaka mingi, na njia ya kutoka Rodi Kopany kupitia Ndhiwa hadi ziwani ilipotiwa lami hakuna aliyelalamika, wala mimi silalamiki. Lakini lami ilibadili kazi ya tairi, na mabadiliko hayo hayakusemwa na mtu. Kwenye murramu ya zamani, mashimo na matuta yalimlazimisha dereva kwenda taratibu. Tairi kuukuu liliumia kwa kukatwa na mawe, likatoa hewa, gari likasimama kando, fundi wa pancha akaitwa. Ilikuwa kero, lakini mara nyingi haikuwa msiba. Tairi hilo hilo likipelekwa kwenye lami kwa kilomita 100 kwa saa hukunjika mara nyingi zaidi kwa dakika, hupata moto zaidi, na likiachia huachia gari likiwa katika mwendo ambao mikono ya dereva haiwezi kuuokoa. Kisha kuna shehena. Probox, gari ambalo Toyota ililitoa 2002 liwe la kazi ndogo ndogo za ofisi na duka, huku kwetu ni teksi, ni lori la omena, ni gari la wagonjwa na pengine gari la kubebea jeneza. Hupakia abiria wengi kuliko viti vyake, na gunia juu. Samaki hangoji, mbuta aliyevuliwa usiku lazima awe sokoni asubuhi, kwa hiyo mwendo nao haupungui. Maeneo ya Macalder yana malori ya machimbo yanayotoka kwenye mawe makali na kuingia lami bila mtu kukagua mbavu za matairi. Kila moja ya mambo haya humaliza akiba ya nguvu ambayo tairi lilizaliwa nayo. Uzee humaanisha kwamba akiba hiyo ilikwisha kabla ya safari kuanza.

Kuna ajali moja ya ughaibuni ambayo naona kila mwenye matatu nchini angeisoma. Septemba 10, 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki la Bestival lilikuwa katika barabara ya A3 karibu na Hindhead, kusini mwa Uingereza. Tairi la mbele lilipasuka, basi likaacha njia na kugonga mti. Watu watatu walikufa, dereva mmoja wao. Uchunguzi ulipofanyika iligundulika kwamba tairi hilo lilikuwa na umri wa miaka 19 na nusu, mkubwa kuliko umri wa basi lenyewe. Lilikuwa na meno ya kutosha kisheria. Hakukuwa na kosa ambalo mtu angeweza kushtakiwa nalo, kwa sababu sheria ya nchi ile, yenye ukaguzi mkali na mahakama zinazofanya kazi, iliuliza meno tu, kama tunavyouliza sisi. Frances Molloy, mama wa mmoja wa vijana waliokufa, alipiga kampeni kwa miaka mingi, akazungushwa na mawaziri mmoja baada ya mwingine, hadi Februari 1, 2021, ilipokuwa marufuku Uingereza kutumia tairi lililozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya basi au lori, na kwenye magurudumu yote ya mojamoja ya basi dogo. Tarehe nayo lazima isomeke ubavuni. Angalia jinsi sheria hiyo ilivyokatwa kwa kipimo. Haikuvamia kila tairi la kila gari. Ilikwenda pale ambapo kupasuka kunaua watu wengi na ambapo hakuna tairi la pili kando yake la kubeba mzigo. Matatu ya abiria 14, yenye gurudumu moja kila pembe, ingeguswa na kanuni kama hiyo kwa magurudumu yake yote manne.

Tairi lenyewe hueleza umri wake kwa yeyote anayejua kusoma namba. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata msururu wa herufi na tarakimu hadi mwisho, na hapo utakuta tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi yaliyotengenezwa kabla ya 2000 yana tarakimu tatu, na ukikutana nayo barabarani leo shuka kwanza, utauliza baadaye. Kuna mtego mdogo: msururu kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga upande huo ukitazama chini ya gari, tarehe hufichika. Si lazima awe na nia mbaya. Basi, ndivyo lilivyoangukia. Kuhusu kikomo chenyewe watengenezaji hawasemi kwa sauti moja. Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatumika miaka mitano, na liondolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata likionekana zima, pamoja na spea. Toyota, ambayo magari yake ndiyo yaliyojaa Karungu, huandika katika vitabu vya magari yake kwamba tairi lililozidi miaka sita lazima likaguliwe na fundi stadi hata kama halijatumika sana na halina dosari ya kuonekana. Kule Falme za Kiarabu, ambako Waswahili wengi wamekwenda kutafuta riziki na kuendesha magari ya watu, gari lenye tairi lililochakaa au lililopita muda wake hupigwa faini ya dirhamu 500 na kuzuiliwa wiki moja. Madereva hao hao wakirudi nyumbani hununua tairi kwa kubonyeza na kunusa.

Matairi ya kuukuu hutufikiaje? Kwa sehemu hutufikia kihalali kabisa. Kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, huruhusu gari la mitumba kuingia nchini likiwa halijazidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Gari la miaka saba kutoka Japani linaweza kufika Mombasa likiwa limevaa matairi ya miaka saba, meno yakimeremeta kwa sababu huko lilitembea kidogo kwenye barabara laini. Mnunuzi hufurahia matairi hayo kama zawadi. Baada ya miaka mitatu mikononi mwake yamefika 10, bado yana meno, na pengine yameuzwa kwa mtu wa tatu kwa jina la kupendeza la eksi-Japani. Zamani tulikuwa na kiwanda chetu. Firestone East Africa, ambayo baadaye iligeuka Sameer Africa yenye tairi la Yana, ilitengeneza matairi jijini Nairobi hadi uzalishaji ukasimama mwaka 2016. Sasa hata tairi jipya tunalolinunua limesafiri baharini na kukaa ghalani, na duka lenye wateja wachache mji mdogo linaweza kukuuzia tairi lenye karatasi zake lakini lililotengenezwa miaka mitatu iliyopita. Hilo si wizi, ila bei yake isingekuwa sawa na ya lililotoka kiwandani mwaka huu.

Magari ninayoyahofia kuliko yote hata hivyo si matatu. Matatu hutembea kutwa. Meno yake huisha kabla ya mpira kuzeeka, na mwenye gari hulazimika kununua. Hatari ya umri iko kwa magari yanayokaa. Basi la shule hupumzika likizo nzima chini ya jua la uwanja wa michezo. Gari la kanisa hutembea Jumapili. Gari la wagonjwa la zahanati hungoja vipuri miezi, likiwa limesimama juu ya matairi yale yale, kisha siku moja huitwa limkimbize mama mjamzito hospitali ya misheni ya Mtakatifu Camillus au hadi Migori. Spea iliyofungwa chini ya gari tangu linunuliwe hutolewa mwaka wa 11 ikiwa na nywele zake za kiwandani, na kila mtu husema ni mpya. Sasa fikiria jinsi mabasi ya shule yanavyotumika upande wetu wa nchi. Mazishi yakitokea, basi la shule hukodiwa kubeba waombolezaji, likajaa kupita viti vyake, likaenda mbali na njia ililoizoea, mara nyingi likirudi jioni na dereva aliyechoka. Gari lililolala wiki nyingi, mpira wake ukiwa mkavu na upepo wake ukiwa umepungua bila mtu kupima, hupewa siku moja kazi nzito kuliko yote ya mwaka. Waombolezaji wakipata ajali tunasema ukoo umeandamwa, kisha tunachimba makaburi mengine.

Mtu anaweza kupinga, tena kwa ushahidi, kwamba nimempa umri lawama isiyo yake yote. Matairi mengi hupasuka kwa upepo mdogo, mzigo mkubwa au shimo la barabarani, yawe mapya au ya zamani. Ni kweli. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 9 ya magari yaliyopata ajali yalikuwa na tatizo fulani la tairi kabla ya kugongana, na gari lenye upepo uliopungua kwa zaidi ya robo lilikuwa na uwezekano mara tatu wa kuingia katika ajali ya namna hiyo. Katika mkasa mkubwa wa Firestone wa mwaka 2000, ambapo matairi milioni 6.5 yalirudishwa na vifo 271 kuhusishwa nayo, mengi ya yaliyobanduka hayakuwa mazee. Yalikuwa na kasoro za utengenezaji, na magari yenyewe, Ford Explorer, yalipendekezewa upepo wa paundi 26, kiasi ambacho wengi walikiona kidogo mno kwa gari zito kwenye joto. Majimbo ya joto ndiyo yaliyoumia zaidi hapo pia, na dalili za mwanzo zilikuwa zimeonekana Saudi Arabia na nchi jirani zake. Nakubali yote hayo. Lakini hoja hii haiuondoi umri, huuongezea uzito. Mzigo na upepo mdogo huzalisha joto. Joto huumiza mpira. Na mpira ulio mzee ndio usioweza kustahimili. Dereva anayepakia watu tisa kwenye Probox na kusahau upepo huenda akasamehewa na tairi la miaka miwili. La miaka 11 halimsamehei. Kama tungekuwa nchi ya magari yasiyozidisha mzigo na yenye vipima upepo kila kituo cha mafuta, ningeweza kuwavumilia wanaosema umri ungoje. Kwa hali ya Karungu, ambako makosa mengine yote yapo tayari na hayaondoki kesho, umri ndio kosa linaloweza kuondolewa kwa kusoma tarakimu nne.

Pingamizi la pesa ni gumu zaidi, na wanaolidharau hawajawahi kuhesabu mapato ya dereva wa Probox baada ya mafuta, hesabu ya tajiri na kitu kidogo cha kizuizini. Tairi jipya ni maelfu ya shilingi mara nne. Ukimwambia mtu huyo anunue mapya au aegeshe gari, umemwambia afunge jiko. Ila tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme tairi jipya la gari dogo ni shilingi 8,000 na litamfaa miaka minne; kila mwezi linamgharimu kama 167. Tuseme la mitumba ni 3,500, lina miaka tisa, na linapasuka au kuvimba baada ya mwaka; kila mwezi limemgharimu 292, bila kuhesabu siku alizolala njiani na samaki walioharibika. Namba hizo ni za mfano na kila mmoja aziweke zake, lakini mkondo wa hesabu hubaki ule ule mara nyingi: tairi zee ni mkopo wa riba kubwa. Tena, simwambii mtu wa Karungu asinunue kabisa mitumba. Tairi la mitumba la miaka mitatu lenye ubavu mzima linaweza kuwa bora kuliko jipya lisilojulikana lilikotoka, na tairi la lori lililovishwa ngozi mpya na kiwanda kinachojua kazi si la kudharauliwa. Waingereza wenyewe huhesabu umri wake kuanzia tarehe ya kuvishwa. Ninachotaka ni mnunuzi alipe bei ya miaka iliyobaki, badala ya bei ya meno anayoyaona. Muuzaji anayejua mteja atasoma tarehe ataanza kupanga matairi yake kwa miaka, na yale ya zamani bei yake itashuka hadi mahali yanapostahili, ambapo fundi wa akala atayachukua. Kwenye soko la leo akala na gari hugombea tairi moja, na gari hushinda.

Kisha kuna wanaouliza, wakitabasamu, kama sheria ya umri haitakuwa chanzo kipya cha hongo. Katika nchi ambayo dereva huandaa noti kabla ya kuona kizuizi, swali hilo halipaswi kujibiwa kwa hotuba. Kanuni za matatu za 2004, ziitwazo za Michuki, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Kwa muda zilifanya kazi kweli, kisha kila kimoja kikapata bei yake barabarani. Kwa hiyo nisingependa kuona askari wa Masara akipewa tochi na mamlaka ya kupiga magoti kwenye matairi. Mahali pa kusoma umri ni ukaguzi wa kila mwaka ambao magari ya abiria tayari huufanya chini ya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, ambako namba ya kila tairi inaweza kuandikwa kwenye cheti pamoja na namba ya injini. Mahali pengine ni dukani, kwa kulazimisha risiti ibebe tarehe ya kutengenezwa. Na pengine ni bandarini, ambapo KEBS inayohesabu miaka ya gari ingeweza kuhesabu na ya matairi yake. Maneno kama tairi lililo katika hali mbaya humpa afisa nafasi pana ya kubuni na ya kuuza. Wiki ya 23 ya 2018 haibuniwi. Abiria aliyeketi mbele anaweza kushuka akaisoma mwenyewe na kubishana naye. Hongo itabaki, lakini itakuwa imepoteza sehemu ya giza inamofanyia kazi.

Polisi wana kazi moja tu ninayoona inawafaa katika jambo hili, nayo haigharimu chochote. Wakifika kwenye ajali na kuandika kwamba tairi lilipasuka, waandike pia tarakimu nne za tairi hilo. Baada ya mwaka mmoja tungekuwa na orodha inayoonyesha tunakufa na matairi ya umri gani katika barabara ya Ndhiwa na ile ya Muhuru Bay, na bunge la kaunti ya Migori au ya Homa Bay lisingehitaji kubahatisha. Bila orodha hiyo kila upande wa mjadala huu, wangu ukiwemo, hulazimika kukopa takwimu za Arizona.

Wala si lazima kungoja Nairobi. Shule zina bodi, na bodi hizo tayari hutunza daftari la mafuta na la matengenezo ya basi. Kuongeza safu ya tarehe za matairi ni kazi ya asubuhi moja. Kamati ya mazishi inapokaa kupanga, huuliza basi ni shilingi ngapi, dereva atalipwa na nani, litaondoka mochari saa ngapi. Iulize pia matairi ni ya mwaka gani, na mjumbe mmoja aende kuyasoma siku mbili kabla ya safari, spea ikiwemo, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta basi jingine. Mwalimu mkuu atakayejibu kwamba hajui atakuwa amejibu vya kutosha.